Mbwa mwenye mawe ya mkojo: anza na maji, chungu kifuate

Simu zinafanana. Mtu anaanza na "Kaka, nimwachishe kula nini?" na hapo hajasema mbwa ni dume au jike, ana kilo ngapi, wala jiwe alilotolewa ni la aina gani. Nami narudia yaleyale niliyomwambia wa juzi. Sasa nayaandika, ili ukinipigia tuanzie mbele kidogo.

Mimi si daktari wa mifugo. Ni mfugaji wa Dar es Salaam, na mwalimu wangu ni Doa, Dalmatian dume wa kilo 25 aliyepasuliwa kibofu akiwa na miaka minne. Daktari alinikabidhi mawe yake kwenye kichupa cha dawa: vipunje vidogo vya kijani kichafu, laini, vya mviringo. Ungedhani ni uwele. Nilichokosea kabla ya siku hiyo, na nilichofanya baada yake, ndicho utakachokisoma hapa.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Uzito wa mbwa kwa kilo. Jipime ukiwa umembeba, kisha jipime peke yako, utoe. Akiwa mkubwa mno, mpime kliniki.
- Jagi lenye alama za mililita.
- Mabakuli matatu ya maji. Ya chuma au ya udongo ni mazuri kuliko plastiki, ambayo hushika utelezi na harufu.
- Kikombe kisafi chenye mdomo mpana, au kijiko cha supu kilichofungwa kwenye fimbo, cha kukingia mkojo.
- Vipande vya karatasi vya kupimia pH ya mkojo, yaani kiwango cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi. Duka la dawa za binadamu wanavyo.
- Daftari.
- Namba za madaktari wawili, mmoja wao awe anapokea simu usiku na ana mipira ya mkojo inayomwingia mbwa. Uliza hilo la mipira leo, mchana kweupe. Saa nane za usiku si wakati wa kugundua kwamba hana.

Hatua ya 1: Hakikisha mkojo unatoka

Kabla ya kuwaza chakula, msimamie mbwa wako akikojoa. Anatoa mkondo au matone? Anainua mguu, anakaza mgongo, anasubiri, anashusha mguu, anaenda mti wa pili na kurudia? Doa alifanya hivyo kwenye mlimao wetu asubuhi nzima. Mlinzi akaniambia, "Anaweka alama tu, bosi, kuna jike mtaa wa pili." Nikamwamini, kwa sababu ndicho nilichotaka kusikia.

Dume ana mfupa ndani ya uume, na mrija wa mkojo unapita kwenye mfereji wa mfupa huo. Mrija hauwezi kutanuka hapo, kwa hiyo jiwe likishuka hukwama nyuma ya mfupa. Jike mrija wake ni mfupi na mpana, vijiwe vidogo hupita, ndiyo maana kwa jike utaona zaidi damu na kukojoa mara kwa mara kuliko kuziba kabisa.

Nenda kliniki sasa hivi, usimalize hata kusoma, ukiona haya:

- anajikamua na hakitoki kitu, au yanatoka matone tu;
- tumbo la chini limejaa na ni gumu, ukimgusa analia;
- anatapika, amelegea, hataki kula.

Mbwa aliyeziba anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Potasiamu hujaa kwenye damu moyo ukashindwa, au kibofu kinapasuka. Usimkamue tumbo kwa mikono. Usimlazimishe maji. Usimpe vidonge vya kukojoza vya bibi mwenye presha, maana unaongeza maji nyuma ya mlango uliofungwa. Na usimpe diklofenaki, ibuprofeni wala panadoli ya kwako kumtuliza maumivu, zinaweza kumuua zenyewe.

Hatua ya 2: Jua jiwe ni la aina gani

Hapa ndipo wengi wanaporuka. Wanaambiwa "ana mawe" wanakimbilia kubadili chakula. Lakini yako mawe ya aina nne yanayoonekana zaidi, na chakula kinachosaidia moja kinaweza kuharibu jingine.

*Struviti.* Hutengenezwa na magnesi, amonia na fosfeti. Kwa mbwa karibu kila mara chanzo chake ni maambukizi: vijidudu vinavunja yurea, mkojo unapoteza asidi, jiwe linajijenga. Majike ndio wahanga wakubwa. Habari njema ni kwamba struviti huyeyuka kwa chakula maalumu pamoja na antibayotiki.

*Oksaleti ya kalsiamu.* Hii haiyeyuki kwa chakula chochote duniani. Ikishakuwepo hutolewa. Huwapata zaidi madume na mbwa wadogo wa manyoya: Shih Tzu, Lhasa Apso, Yorkshire Terrier, Miniature Schnauzer, Bichon Frise.

*Yureti.* Hii ndiyo ya Doa. Dalmatian wana hitilafu ya urithi inayofanya asidi ya yuriki imwagike kwenye mkojo badala ya kugeuzwa kuwa alantoini, ambayo huyeyuka kirahisi. English Bulldog nao wamo. Mbwa wa aina nyingine akikutwa na yureti, hasa akiwa mdogo na amedumaa, mwombe daktari achunguze ini, kwani huenda mshipa wa damu unalikwepa.

*Sistini.* Si ya kawaida sana. Huwapata zaidi madume wasiohasiwa, na kwa baadhi yao kuhasiwa peke yake kunapunguza tatizo.

Utajuaje? Jiwe lipimwe maabara. Kama mbwa anapasuliwa, mwambie daktari kabla ya upasuaji kwamba unayataka mawe. Yakaushwe yawekwe kwenye kichupa kikavu, yasitumbukizwe kwenye formalini, maana formalini inaweza kubadili struviti na majibu yakapotoka. Maabara kubwa ya kazi hii iko Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, imekuwa ikipima mawe ya wanyama tangu 1981, na madaktari wa nchi nyingi hutuma huko. Hapa kwetu anza kwa kuuliza hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, au ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete, ukiwa Kenya, wakuelekeze njia iliyopo.

Jiwe halijatolewa? Basi daktari anaunganisha vipande: jinsia, aina ya mbwa, pH, vijidudu kwenye mkojo, na picha. Na hapa nina kidonda changu. Kliniki ya kwanza niliyompeleka Doa walimpiga eksirei, picha ikatoka safi, tukaambiwa hana kitu turudi nyumbani. Wiki mbili baadaye aliziba. Mawe ya yureti mara nyingi hayaonekani kwenye eksirei ya kawaida. Struviti na oksaleti ndiyo huonekana. Kama mbwa wako ni Dalmatian au Bulldog, omba altrasaundi, na usione aibu kuomba.

Hatua ya 3: Ongeza maji kwa aina zote nne

Unaweza kuanza hatua hii leo, hata kabla ya majibu ya maabara, mradi mkojo unatoka. Mkojo mzito ndio unaogandisha mawe. Mkojo mwepesi unaosha.

Mbwa mzima anahitaji kama mililita 50 hadi 60 za maji kwa kila kilo kwa siku, yakiwemo yaliyomo kwenye chakula. Kwa Doa ni kati ya lita 1.25 na lita moja na nusu, na joto la Januari linaongeza. Chakula kikavu cha dukani kina maji kama asilimia 10 tu. Cha kopo kinafika asilimia 75 na zaidi. Kwa hiyo mbwa wa mawe anayekula kikavu tupu amelemewa tangu asubuhi.

Mimi siamini sana bakuli. Mbwa hunywa anavyojisikia yeye, huwezi kumwamuru. Naamini chungu: maji yakishachanganywa na chakula hana njia, atayala. Fanya hivi:

1. Chakula kikavu, kiloweke kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika 20, maji mara mbili ya ujazo wa chakula.
2. Cha kupika, kiwe mtepeto. Ugali mgumu wa kumrushia tonge umekwisha. Uwe kama uji mzito.
3. Ongeza maji kidogokidogo kwa wiki nzima. Ukimwaga nusu lita siku ya kwanza ataangalia bakuli kisha atakuangalia wewe.
4. Gawa chakula mara mbili au tatu kwa siku.
5. Maji ya kunywa yakae sehemu tatu, zote kivulini: karibu na banda, barazani, na pale anapopenda kulala. Badilisha asubuhi na jioni, na kila ukibadilisha sugua bakuli.
6. Kama nyumba yako inatumia kisima cha chumvi, kama nyumba nyingi za Dar, onja mwenyewe. Yakikushinda wewe, usishangae mbwa anaramba mara mbili na kuondoka. Mpe unayokunywa.

Utajua umefika kwa kuangalia rangi. Mkojo wa rangi ya chai ya mkandaa ni mzito. Unautaka ukaribie maji ya dafu. Rangi inadanganya wakati mwingine, kwa hiyo kila unapoenda kliniki omba wapime uzito wa mkojo, yaani ulivyokolea ukilinganishwa na maji, kwa kifaa kiitwacho rifraktomita. Lengo ni chini ya 1.020. Kile kiraka cha kupimia uzito kwenye vipande vya duka la dawa kimetengenezewa binadamu, kwa mbwa usikitegemee.

Onyo: usitie chumvi ili anywe zaidi. Atakunywa, kweli, ila sodiamu inavuta kalsiamu kwenye mkojo, na kwa mbwa wa oksaleti hiyo ni kuni kwenye moto.

Hatua ya 4: Badili chungu kulingana na jiwe

Chungu cha mbwa wetu kinajulikana: pumba au dona, dagaa, mapupu, vichwa vya kuku, na chochote kilichobaki mezani. Mbwa wa kienyeji hukila miaka kumi na anabweka vizuri tu. Hatuzungumzii mbwa huyo.

*Kama ni yureti.* Adui ni purini, kemikali iliyomo kwenye chakula ambayo mwili huigeuza kuwa asidi ya yuriki, na chungu chetu kimejaa purini hadi kwenye mfuniko. Kama nyumbani kuna mzee mwenye jongo, orodha unaijua tayari, maana ni asidi ileile ya yuriki:

- Ondoa kabisa: dagaa wa aina zote, wa Kigoma, wa Mwanza na wa baharini, pamoja na vumbi lao, maini, figo, bandama, mapafu, moyo, hamira, na masalia ya bia, kwa wale wenye mizaha hiyo.
- Punguza sana: nyama ya ng'ombe, kuku, samaki wengine, maharage, kunde, choroko, uyoga.
- Tumia bila hofu: mayai, mtindi, wali, sembe, viazi mviringo, boga, karoti.

Utaniuliza kuhusu utumbo. Ule wa taulo una purini chache kuliko maini, lakini nyama ya mbwa tunayouziwa machinjioni kwenye mfuko huwa imechanganywa na bandama na mapafu, na ndipo balaa lilipo. Kama huoni unachonunua, acha.

Utaniuliza pia kuhusu supu. Purini huyeyuka kwenye maji. Nyama ikichemka, sehemu yake inahamia kwenye supu. Kwa hiyo ile supu nzito unayommwagia kwa huruma ndiyo mbaya kuliko nyama yenyewe. Ukimpa kuku mara moja moja, chemsha, mwaga maji, mpe nyama.

Chungu cha Doa cha siku moja ni hiki: wali uliopikwa ukaiva sana, kama gramu 500, mayai manne ya kuchemsha, yakapondwa, mtindi robo lita, boga la kuchemsha kiganja kimoja, kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti, nusu kijiko cha chai cha maganda ya mayai yaliyosagwa yakawa unga laini, na maji nusu lita. Hiyo ni kama kilokalori 1,200, na zaidi ya lita moja ya maji imeshaingia kabla hajagusa bakuli la kunywa. Juu yake kuna unga wa vitamini na madini aliouandika daktari. Usiuache huo, maana wali na mayai peke yake vina mapengo ya zinki, shaba na iodini. Mbwa wako akiwa na kilo 10, usigawe hesabu hii kwa mbili na nusu ukadhani umemaliza. Mbwa mdogo hula zaidi kwa kila kilo yake. Mpelekee daktari akupangie.

Ukipata cha dukani, Hill's u/d kimetengenezwa kwa kazi hii. Ni ghali na hakipatikani kila mahali. Na chakula chochote cha kubana protini kisipewe mtoto wa mbwa anayekua wala jike mwenye mimba au anayenyonyesha.

*Kama ni oksaleti.* Hapa jambo la kwanza linawashangaza watu: usiondoe kalsiamu. Kalsiamu iliyomo kwenye chakula hushikana na oksaleti tumboni zikatoka pamoja na kinyesi. Ukiiondoa, oksaleti inabaki huru, inaingia kwenye damu, inaishia kwenye mkojo. Unachoondoa ni mchicha, spinachi, viazi vitamu, karanga, na dagaa waliokaushwa kwa chumvi. Vidonge vya vitamini C navyo acha, maana mwilini hugeuka oksaleti. Vitamini D asipewe bila daktari. Kama anatumia prednisoloni au furosemidi, mkumbushe daktari kwamba mbwa huyu ana historia ya mawe, kwa sababu dawa hizo huongeza kalsiamu kwenye mkojo.

*Kama ni struviti.* Chakula cha kuyeyusha, mfano Hill's s/d au Royal Canin Urinary S/O, kikienda pamoja na antibayotiki iliyochaguliwa baada ya mkojo kuoteshwa maabara. Huchukua wiki kadhaa, pengine miezi miwili au mitatu. Kwa muda huo hali kingine chochote, hata tonge la mtoto. Jiwe likiisha, kinachozuia lisirudi ni kuwahi maambukizi. Mbwa wengi wa struviti hawahitaji chakula cha bei kubwa maisha yao yote. Dume anayeyeyushwa aangaliwe kwa jicho kali, maana jiwe likipungua linaweza kushuka na kukwama. Pumba zina magnesi na fosforasi nyingi, ziweke pembeni.

*Kama ni sistini*, fuata maji na daktari. Sina la maana la kuongeza.

Na kwa wote: kitunguu maji, kitunguu saumu na zabibu ni sumu kwa mbwa. Masalia ya pilau hayana nafasi kwenye chungu hiki.

Hatua ya 5: Fungua banda

Tunafungia mbwa mchana, tunawafungulia usiku walinde. Mbwa aliyelelewa vizuri hataki kukojoa anapolala. Anabana kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja jioni, mkojo unakaa kibofuni masaa kumi na tatu, unagandisha kilichomo. Unaweza kupika chungu kizuri kuliko changu, banda likaharibu kila kitu.

Mtoe kila baada ya masaa manne hadi sita. Kama unafanya kazi mbali, mpe mlinzi au dada wa nyumbani ratiba ya maandishi, na muombe aandike kwenye daftari: saa ngapi, amekojoa au hapana, mkondo au matone. Pale kwangu daftari limening'inizwa kwa kamba kwenye mlango wa banda, na mlinzi aliyeniambia habari za jike mtaa wa pili ndiye sasa mwandishi wake mkali kuliko wote. Ukiongeza maji bila kuongeza kutoka nje, umemtesa.

Hatua ya 6: Pima mkojo nyumbani

1. Asubuhi, kabla hajala. Baada ya chakula pH hupanda yenyewe na itakudanganya.
2. Mtoe kwa kamba fupi. Mwache aanze, kisha ingiza kikombe polepole katikati ya mkondo. Kwa jike, fimbo yenye kijiko ndiyo mkombozi.
3. Chovya karatasi papo hapo, linganisha rangi kwenye mwanga wa jua, andika.
4. Mara mbili kwa wiki inatosha.

Kwa yureti daktari wangu anataka kati ya 7.0 na 7.5. Kwa struviti huwa wanataka chini ya 6.5. Kwa oksaleti hawataki mkojo wa asidi kali. Namba ya mbwa wako aiweke daktari wako. Usiisukume kwa magadi, ndimu wala siki. Ukimvusha Doa juu sana, jiwe jingine la fosfeti linajijenga, nawe umebadilisha mwizi kwa mwizi.

Hatua ya 7: Rudi kliniki akiwa mzima

Mwezi mmoja baada ya matibabu, kisha kila miezi mitatu hadi sita: mkojo na picha. Vijiwe vikionekana vikiwa vidogo daktari anaweza kuvisukuma kwa maji bila kisu. Vikishakuwa kama kunde, ni kisu. Oksaleti hasa hurudi kwa mbwa wengi ndani ya miaka michache, hata ukifanya kila kitu sawasawa.

Makosa ninayoyasikia kila mwezi

*Alopurino ya babu.* Kwa kuwa ni dawa ya jongo, mtu anaona mantiki: mbwa ana asidi ya yuriki, babu ana vidonge. Dawa hiyo hutumika kwa mbwa, ndiyo, ila kwa kipimo cha daktari na kwa mbwa aliyeondolewa purini kwanza. Ukimpa huku anaendelea na dagaa, unamtengenezea jiwe jipya, la zanthini. Mwenzangu mmoja alilipia upasuaji wa pili kwa njia hiyo.

*Kuacha antibayotiki damu ikikatika.* Damu hukatika siku ya tatu. Vijidudu bado vimo, hata ndani ya jiwe lenyewe.

*Kuzalisha.* Watu wananiuliza mbegu ya Doa. Nimemhasi. Nchini Marekani, mwaka 1973, mtafiti Robert Schaible alimpandisha Dalmatian na English Pointer mara moja tu, kisha uzao ukarudishwa kwa Dalmatian kizazi baada ya kizazi ili kupata mbwa wenye madoa na asidi ya yuriki ya kawaida. Wenye chama cha mbwa waliwakataa kwa miongo kwa sababu ya "damu chafu", hadi 2011 walipokubaliwa na American Kennel Club. Ukiweza kununua Dalmatian wa ukoo huo, vizuri. Vinginevyo, kuzalisha dume aliyekwishapasuliwa kibofu ni kumuuzia mwenzako kichupa cha uwele.

Mambo yakienda kombo

*Hataki chakula chenye maji.* Rudi nyuma, punguza maji kwa nusu, yapashe moto kidogo harufu itoke. Yai lililopondwa juu husaidia. Asipokula kabisa siku nzima, hilo si suala la ladha, nenda kliniki.

*Anakunywa mno.* Kilo 25 akivuka lita mbili na nusu kwa siku, usishangilie. Inaweza kuwa kisukari, figo, au kwa jike asiyehasiwa, usaha kwenye kizazi. Apimwe.

*Maabara wamesema kuna fuwele kwenye mkojo.* Fuwele ni chembe ndogo za madini, si jiwe. Mkojo ukikaa saa nyingi au kwenye friji, fuwele hujitokeza zenyewe. Uliza ulipimwa baada ya muda gani, na urudie kwa mkojo mbichi.

*Anaharisha tangu aanze mtindi.* Punguza hadi vijiko vitatu, upandishe taratibu. Maziwa mabichi ya maji usimpe, mbwa wazima wengi hayawakai.

*Amekonda.* Usirudishe nyama. Ongeza wali na mafuta kidogo, mpime kila wiki, na umwonyeshe daktari.

*Ameanza tena kukojoa mara nyingi.* Ongezeko dogo baada ya kuongeza maji ni la kawaida, mkondo ukiwa mrefu. Akitoa kidogokidogo na kujikamua, rudi hatua ya kwanza.

*Ameiba dagaa.* Imetokea kwangu, nusu kilo iliyoanikwa kwenye ungo ukutani kwa jirani, na jirani alitaka alipwe. Usimtapishe. Siku hiyo na ya pili yake mpe chakula cha majimaji zaidi, mtoe nje kila masaa matatu, na asubuhi usimame naye kwenye mlimao uone mkondo kwa macho yako.